Mtani Hajamaliza

Siku habari ilipofika Usinge kwamba Minza binti Amon anakwenda Ulaya kuhubiri, wako waliocheka. Wacha wacheke. Walidhani wamesikia vibaya. Pengine anakwenda kulea watoto wa watu, au kupiga deki, au amepata mzungu. Kuhubiri? Tangu lini Mnyamwezi akawapelekea Wazungu Neno la Mungu? Si wao walioleta?

"Walileta wao, lakini nani alibeba?" Baba yake, Mzee Amon Luhende, aliwauliza hivyo siku ya gulio, amesimama na mkongojo wake kati ya mafungu ya karanga na mihogo mikavu, sauti inamtoka kuliko kifua chake kilivyoruhusu. "Injili haikuota miguu ikatembea kutoka Bagamoyo hadi hapa. Ilikuja kwenye masanduku, na sanduku moja lilikuja juu ya kichwa cha babu yangu mimi. Leo kitukuu wake anaurudisha mzigo kwa wenyewe. Kuna swali?"

Watu wakarudia karanga zao.

Minza alipohadithiwa alijifanya kuona haya, lakini uongo dhambi: alifurahi mpaka chai ikamshinda. Alikuwa mwanamke wa hamsini na ushee, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa haraka. Alizaliwa Usinge, akaolewa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, akafiwa na mume watoto wakiwa bado shule, akawasomesha kwa asali. Kaka yake Jilala aliirina msituni na kumletea kwa madumu, yeye akaiuza kwa chupa. Lakini Ng'ambo haikumjua kwa asali. Ilimjua kwa misiba. Palipotokea kilio, kwa Mkristo au kwa Mwislamu, Minza alikuwa wa kwanza kufika, kanga kiunoni, na wa mwisho kuondoka. Atateka maji, atasonga ugali, ataketi mkekani na mfiwa bila kusema neno mpaka mfiwa mwenyewe aseme. Kazi hiyo haina mshahara wala cheo, na ndiyo iliyompeleka Ulaya.

Usharika mmoja mdogo wa Kimoraviani kule Denmaki, ndugu wa siku nyingi wa usharika wao, ulikuwa umeomba msaada. Nisikilizeni vizuri: wao ndio walioomba. Walisema kanisa lao ni zuri na lina joto, ila watu wao wanazeeka peke yao majumbani, wanafiwa peke yao, na wamesahau namna ya kutembeleana. Watumiwe watu wawili wakae nao wiki chache, wawaonyeshe, na Jumapili ya mwisho mmoja wao ahubiri. Wazee wa kanisa Tabora hawakukuna kichwa. Wa kwanza, Minza. Wa pili wakamwambia amchague mwenyewe, naye akasema, "Recheli. Bila Recheli siendi hata Urambo."

"Minza wa Ng'ambo anakwenda ng'ambo!" wakamtania sokoni, na wiki nzima hakupita kwenye kibanda cha mtu bila kuimbiwa hivyo.

Sasa huyo Recheli. Baba yake alikuwa Mgogo wa reli, akahamishiwa stesheni ya Tabora akiwa kijana, akasahau kurudi Dodoma. Recheli alizaliwa Tabora, akakulia Tabora, anajua Kinyamwezi kuliko vijana wengi wa Kinyamwezi; lakini mguse Ugogo wake uone. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mdomo usio na breki. Yeye na Minza walikutana kwaya wakiwa wasichana, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Sogea huko, mpagazi, unanikanyaga." Minza akamjibu, "Nasogea, ili unyooshe mkono uombe vizuri." Urafiki wao ukaanzia hapo.

Asiyejua utani atasema hao ni maadui. Zamani, misafara ya Wanyamwezi ikienda pwani na pembe, ilikuwa lazima ipite Ugogo, na Ugogo hakukuwa na maji ya bure. Mgogo alikaa kwenye kisima chake akasema, toeni hongo ndipo mnywe, mkishakunywa ndipo mpite. Wakagombana, wakapigana, wakachoka, wakawa watani. Tangu hapo Mnyamwezi ana ruhusa ya kumwita Mgogo ombaomba, na Mgogo kumwita Mnyamwezi mpagazi au punda wa mizigo, na kununa ni mwiko. Na penye msiba ndipo mtani ana kazi hasa. Wengine wote wanalia. Yeye anaingia na sufuria kichwani, anamsema marehemu, anazuia jeneza lisipite, anadai chake, mpaka mfiwa acheke. Mfiwa akicheka, mtani amemaliza.

Walipokwenda Usinge kuaga, Mzee Amon alikuwa uani, amejilaza kwenye kiti, mkewe Suzana anamkanda mgongo kwa sababu ya kifua. Recheli alipiga goti kwa adabu zote.

"Shikamoo, punda mzee."

"Marahaba, ombaomba. Tumeshakula, hakuna kilichobaki."

"Sikuja kula, nimekuja kukupima." Recheli alifungua kanga yake, akaitandaza kutoka kisiginoni mwa mzee hadi utosini. "Ukifa, kaburini naingia mimi kwanza, nilale nione kama patakutosha. Na hongo yangu, jogoo mzima, uiweke tayari."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akamshika mkono. "Uje kweli, Mgogo. Mimi nisije nikazikwa kimya kimya kama kuku wa kideri. Msiba usiochekwa haujaisha." Kisha akamgeukia Minza. "Na wewe, siku utakaposimama mimbarini kwao, unitaje. Uwaambie umetoka kwa nani."

"Nitakutaja, baba," Minza alisema, na Recheli naye akasema atakuja, na mzee akaridhika na wote wawili.

Safari wakaianza kwa treni, njia ile ile ya wapagazi wa zamani, ila sasa umekaa na miguu inapumzika. Treni ilipoingia Dodoma, Recheli alisimama mlangoni mwa behewa akatandaza mikono. "Hongo!" Minza akachomoa mfuko wa karanga, akammegea nusu. Abiria wakaangua kicheko, na mzee mmoja wa Kinyamwezi, hata hamjui, akatoa na zake akaongeza, eti asije akashushwa.

Denmaki waliikuta na baridi mwezi wa tano. Walifikia kwa Birgit, mjane mrefu mwenye nywele nyeupe na nyumba safi mno, nyumba ambayo hata inzi angevua viatu. Mkalimani wao alikuwa Anders, mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu Tabora ujanani mwake. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Hakuacha hata kiambishi kimoja nyuma. Alikuwa mtu mwema, na alijivunia kuwa hakuna neno la Kiswahili linalompita.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko walivyoota. Kule mgeni ana saa ya kuja na saa ya kuondoka. Saa ya kuja Minza aliiheshimu. Ile ya kuondoka hakuiona. Kahawa ikiisha, anakaa. Mazungumzo yakiisha, anakaa. Na katika kule kukaa, watu wakaanza kusema. Mzee mmoja aliyesifika kwa kutopokea wageni aliwatolea picha za ng'ombe wake wote aliokwisha kuwauza, akawataja kila mmoja kwa jina, na Minza akamuuliza maziwa yao na magonjwa yao mpaka jua likachoka. Kila jioni alimtumia baba yake ujumbe wa sauti, na Jilala akampigia simu kumwambia kuwa mzee anausikilizisha ujumbe huo mtaa mzima, simu masikioni mwa watu, hata wasiotaka.

"Kichwa kitampasuka huyo," Recheli akasema. "Wanyamwezi hamjazoea sifa."

Jumatano ya wiki ya mwisho, asubuhi, Jilala alipiga tena. "Minza," akasema, jina tu. Mtu aliyekalia misiba mingi vile hahitaji kuambiwa zaidi.

"Saa ngapi?" Minza aliuliza.

"Alfajiri. Kifua. Tunazika kesho, dada. Na usirudi, amesema mwenyewe usirudi. Amesema usimame kwanza mimbarini."

Minza aliweka simu mezani. Hakulia. Alitaka kulia, alijua namna ya kulia, amewafundisha wengine kulia, lakini macho yalikuwa makavu kama mchanga wa mtoni mwezi wa tisa. Birgit alipoambiwa alimshika mkono kwa muda mrefu, akawasha mshumaa, akaweka maua na sahani ya mkate, akatoka na kufunga mlango polepole. Watu wa usharika walikuja, wakaacha kadi mlangoni, wakaondoka wakinyata. Walimpenda, nisiwasingizie. Ndivyo wanavyofanya kwao: mfiwa anapewa utulivu wake. Lakini kwa Minza utulivu ule ulikuwa sawa na kufungiwa stoo. Ng'ambo saa ile uani kungekuwa hakupitiki.

"Wananiogopa?" alimuuliza Recheli.

"Wanakuheshimu," Recheli alisema. Akamtazama rafiki yake aliyekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akaona macho yale makavu, na moyo ukamwuma. "Lakini mimi niliahidi. Kesho nazika."

Na kweli, kesho yake, Jilala alipopiga simu ya video kutoka makaburini Usinge, Mgogo alikuwa tayari jikoni kwa Birgit. Amevaa kanga ndani nje, sufuria ya Birgit kichwani, mwiko mkononi. Simu ameiegemeza kwenye birika. Minza ameketi mezani, mikono mapajani. Kule Usinge mtandao unakatakata, lakini jeneza lilionekana, na watu, na mama yake katikati ya wanawake.

"Amon!" Recheli alipaza sauti. "Amon Luhende! Unakwenda wapi? Hapa ni Ugogo, hupiti! Jilala, inua simu nimwone. Aka! Mbona mmemvisha suti, anakwenda kuoa? Mchoyo mkubwa wewe, ulinificha asali kwenye gunia la pumba ukadhani sioni! Umekunywa maji ya kisima changu maisha yako yote, hongo hujatoa. Jogoo wangu yuko wapi?"

Kule Usinge mtu mmoja alicheka. Kisha wengine. Recheli akajilaza sakafuni, chali, sufuria ikabingirika, akanyoosha miguu. "Nimelipima kaburi. Halikutoshi! Kiburi chako cha siku hizi kitabaki nje, nani atakibeba? Huko mbinguni getini wamejaa Wagogo watupu, nimeshawapigia, wamesema bila jogoo hupokelewi!"

Vicheko vya Usinge viliijaza simu. Mezani, Minza alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, midomo ikaanza kumtetemeka, mabega yakamcheza. Alikuwa amekaribia. Mungu shahidi, alikuwa amekaribia kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Birgit aliingia na Anders nyuma yake, ameshika maua. Waliona mwanamke amelala sakafuni anapigia kelele jeneza, na mfiwa anatetemeka kitini. Birgit hakuuliza. Alipita haraka, akaichukua simu kutoka kwenye birika, akaifunga, akamkumbatia Minza kwa nguvu, kumkinga.

"Mama Minza, pole sana," Anders alisema, uso umemwiva. "Nimesikia maneno yote. Amemwita marehemu baba yako mchoyo. Mbele ya jeneza lake!"

"Ni mtani wake," Minza alisema.

"Utani ni mzaha. Ninalijua neno hilo."

Alilijua kweli. Alilijua lilivyo kwenye kamusi, na kamusi haijawahi kuzika mtu. Minza alijaribu kueleza, lakini kila alipofungua mdomo Anders alitikisa kichwa kwa huruma, akidhani anamtetea mwenzake kwa wema tu. Walijaribu kupiga Usinge. Mtandao ulikuwa umekwenda. Uliporudi, jioni, aliyepokea alikuwa mama yake.

"Tulingoja, mwanangu," Suzana alisema. "Jilala aliinua simu mpaka mkono ukafa ganzi. Mchungaji akasema giza linaingia. Tumefukia hivyo hivyo." Akavuta pumzi. "Tumefukia mtani hajamaliza."

Maneno hayo yalimchoma Minza kuliko yale ya kwanza. Kifo ni cha Mungu, hakuna wa kumlaumu. Lakini hili lilikuwa la watu. Kitu kimoja tu mzee alikiomba kwa ajili ya mazishi yake, na kimekatwa katikati.

Ijumaa Anders alikuja na uamuzi wa wenyeji. Kwa ajili ya amani ya Mama Minza, Recheli atahamia familia nyingine hadi siku ya kuondoka. Na Jumapili asijisumbue kuhubiri. Mchungaji wao atasoma neno, yeye atakaa kiti cha mbele usharika umwombee. Aliyasema yote kwa upole, kama daktari anayekutoa mwiba.

Recheli alifunga mfuko wake. "Usijali, mpagazi," alisema. "Mgogo kulala kwa watu ni desturi." Lakini sauti ilimkatika kwenye desturi, na akatoka bila kugeuka.

Minza alikasirika. Tuseme ukweli, alikasirika mpaka masikio yakapiga kelele. Watu hawa walimwita aje awafundishe kukaa na mfiwa, na mfiwa wa kwanza aliyetokea ni yeye, na wamemtoa mtu pekee anayejua kukaa naye! Alizunguka jikoni kwa Birgit, akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Hasira ilipotulia, akaona kitu kimoja wazi: asiposimama Jumapili, baba yake hatajwi, na mtani asipomaliza, mzee atabaki njiani, hajavuka. Vyote viwili viko kwenye mimbari ile ile.

Jumamosi alimwambia Anders, "Mwalimu, kwetu mfiwa hawezi kuondoka bila kuwashukuru watu. Ni aibu kubwa. Kesho nipeni nafasi nishukuru tu."

"Kushukuru? Bila shaka, mama," Anders alisema. Angemkataliaje?

Jumapili kanisa lilijaa. Kuta nyeupe, mabenchi meupe, watu wamevaa vizuri, na kimya cha kusikia mtu akimeza mate. Recheli alikuwa benchi la nyuma kabisa, katikati ya mume na mke waliompokea, amekaa kama mshitakiwa. Minza aliitwa. Alipita mbele kwa mwendo wake wa haraka, kitenge kimefungwa imara, akasimama, na Anders akasimama kando yake.

"Mwangaluka!" Minza alisema.

Anders akamtazama. Hilo halikuwamo katika Kiswahili chake.

"Ni habari za asubuhi, Kinyamwezi. Waambie waitikie hivyo hivyo." Wakaitikia kwa woga. Akarudia mpaka wakaitikia vizuri.

"Ninawashukuru kwa maua, na mkate, na mshumaa," alianza. "Ninamshukuru Birgit aliyenikumbatia. Na mtu akishukuru lazima aseme ametoka kwa nani. Mimi ni Minza, binti wa Amon Luhende wa Usinge. Babu yake Amon Luhende alibeba sanduku la mmisionari kichwani, kutoka bahari hadi kwetu. Ninyi mlileta Injili, sisi tuliibeba. Simwombi mtu radhi kwa kujivunia jambo hilo, maana shingo ilikuwa yetu."

Anders alitafsiri, na hapo watu wakatabasamu kidogo.

"Sasa, ndugu zangu, mzigo wa kichwani ukiwa mzito hujitui mwenyewe. Ukijaribu, utavunjika shingo. Anakutua mwenzako. Mimi nina mzigo tangu Jumatano, na wa kunitua mmemweka benchi la nyuma."

Anders alisita. "Mama, nitafsiri hilo?"

"Tafsiri, mwalimu."

Akatafsiri. Mabenchi yakalia. Birgit, aliyekuwa mstari wa mbele, aliinua uso.

"Mlimsikia akimtukana baba yangu," Minza aliendelea. "Baba yangu alimwomba afanye hivyo. Alimshika mkono akamsihi, mimi nikiwapo. Watu wa kukuruhusu ulie wapo wengi. Wa kukuruhusu ucheke umefiwa ni mtani peke yake. Mlipoifunga ile simu mlitaka kunilinda, najua, na Mungu awabariki. Lakini mlimwacha baba yangu amesimama njiani." Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya kanisa. "Recheli. Hujamaliza."

Recheli alisimama. Aliivua sweta yake, akaigeuza, akaivaa ndani nje. Karibu na mlango palikuwa na kikapu cha sadaka, kitupu bado. Akakichukua, akakivaa kichwani. Halafu akasimama katikati ya njia ya kanisa, mrefu vile, mikono ameitandaza benchi hadi benchi.

"Hongo!"

Hakuna aliyehitaji tafsiri.

"Amon Luhende, nilikatiwa simu na Wazungu, lakini mimi sichoki! Hata ungekimbilia wapi, ningekufuata. Umesimama getini na suti yako ya kuazima, unamwambia Petro eti binti yako yuko Ulaya. Umesahau kumwambia kwamba binti mwenyewe jibini limemshinda, anashindia karanga, nyumba ya watu yote inanuka gulio la Usinge! Mtu gani wewe, unakufa siku ambayo mtani wako yuko mbali, ili jogoo wangu apone? Jogoo huyo nitamla! Nitamla nyumbani kwako, uani kwako, na mifupa nitakuachia!"

Anders alikuwa anatafsiri, maskini, kwa sauti ya hesabu. Alipita kwenye suti. Akapita kwenye jibini. Alipofika kwenye jogoo sauti ikamtetemeka, akajaribu tena, ikamtoroka. Akainama juu ya mimbari, mabega yanamruka, mwalimu mzima anacheka kama mtoto wa darasa la pili.

Na Minza akacheka. Kilitoka kule chini kilikokwama tangu Alhamisi, kicheko kikubwa cha tumbo, cha kupiga mapaja, na nyuma yake kikaja kilio. Alilia kwa sauti, kilio cha Usinge chenyewe, "Yoo baba, baba wee," katika kanisa ambalo labda halijawahi kusikia mtu akilia hivyo. Hakuona haya hata chembe. Recheli alishafika, kikapu bado kichwani, amemshika, naye analia. Birgit alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, anacheka na machozi yanamwagika. Yule mzee wa ng'ombe alikuwa anapiga benchi kwa kiganja. Kicheko kikapita mstari hadi mstari, watu wakitazamana kwanza kama wanaoulizana ruhusa.

Kisha Minza akafuta uso kwa ncha ya kitenge na akahubiri. Hakuna aliyemwambia akae. Alihubiri habari za nyumba ya Lazaro, namna Bwana mwenyewe alivyokwenda msibani kwa miguu, akakaa na wafiwa, akalia nao. Alihubiri vizuri. Mimi sisemi hivyo kwa sababu ni wa kwetu, waulizeni waliokuwapo.

Kwenye kahawa baada ya ibada, Birgit alimvuta Anders hadi kwa Recheli. Alisema marehemu mume wake alikuwa anakoroma mpaka mbwa akahamia gereji, na tangu afe hajapata wa kumwambia. Recheli akasikiliza kwa makini yote. "Mwambie mimi si mtani wake," alimwambia Anders, "ila kwa huyo mkoromaji nitajitolea. Kesho anipeleke kaburini." Birgit aliposikia tafsiri alimshika Recheli mkono, akamrudisha nyumbani kwake siku ile ile, akambebea mfuko mwenyewe.

Mchana Minza alipiga Usinge. Mtandao ulikuwa safi kwa mara moja. Nyuma ya sauti ya mama yake alisikia watu, vyombo, mtoto analia, uani chini ya turubai la msiba pamejaa bado.

"Umesimama?" mama yake aliuliza.

"Nimesimama, mama."

"Umemtaja?"

"Nimemtaja kwa jina lake na la kwao. Recheli akamalizia, mama. Alimdai jogoo mbele ya kanisa zima. Nimecheka. Mpaka Wazungu wamecheka."

Minza alimsikia Suzana akigeuka na kuwapazia sauti watu wa uani.

"Jilala! Waambie waanue turubai. Baba yenu amezikwa."